Chumba cha Wageni Ambacho Mzee Hakuingia

Nyinyi vijana mnaonijia na simu zenu, mkinisikilizisha nyimbo mlizochanganya mkiwa kitandani, mnanifurahisha na kuniudhi kwa wakati mmoja. Mnanifurahisha kwa sababu mna masikio mazuri kuliko tuliyokuwa nayo sisi. Mnaniudhi kwa sababu kabla sijasikia hata ubeti mmoja, mnaanza kunitajia mashine. Hii imetoka wapi, ile ina nguvu gani. Haya, kaeni chini. Mimi Zainabu nilichanganya sauti za watu kabla baba zenu hawajaota meno, na chumba bora kuliko vyote nilivyowahi kufanyia kazi kilikuwa chumba cha kulala cha wageni, nyumbani kwa mwalimu wa shule ya msingi, juu kidogo ya soko la Keumbu. Hakikuwa hata na stima.

Baba yangu alikuwa fundi wa redio mjini Kisii. Babu alikuja na biashara zake, akaoa huku, nasi tukazaliwa tukiongea Kiswahili ndani na Kigusii mlangoni. Dukani nilianza kwa kufagia, nikaingia kwenye kulehemu nyaya, na kabla watu hawajatambua kilichotokea, nilikuwa fundi. Wateja walikuwa wakiingia, wananikuta na chuma cha moto mkononi na redio imepasuliwa tumbo mbele yangu, halafu wananiuliza, "Dada, fundi ameenda wapi?" Nilikuwa nawaambia ametoka kidogo. Redio ikipona, walimshukuru huyo aliyetoka.

Baba hakuiamini redio kwa kuisikilizia pale mezani. Alinituma nje. "Nenda usimame kwa muuza vitunguu. Ukiyasikia maneno ukiwa pale, basi imepona." Msicheke, hilo ndilo somo la kwanza la kazi hii. Mnapomaliza kuchanganya wimbo, msikae mmeukodolea macho mbele ya spika. Tokeni, nendeni jikoni, mwache mlango wazi, muoshe vyombo. Maneno ya mwimbaji yakikufikia katikati ya kelele za sufuria, umefanya kazi. Ukisikia ngoma peke yake, rudi ukakae tena.

Sasa Mwalimu Ombati. Alikuwa mrefu, mpole, mtu wa kuvaa tai hata akienda kukamua ng'ombe. Alifundisha kwaya na alikuwa na mashine mbili za tepu za kutumia betri, alizozipata kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Moja ilikuwa nzima, nyingine ilikuwa ikija kwetu dukani kila mara kama mgonjwa wa kifua. Asubuhi moja, mwanzoni mwa miaka ya sabini, aliiweka mezani akaniambia, "Dada Zainabu, nimechoka kunasa muziki kwa darasa. Dawati inalia, watoto wanacheka, mbuzi anapita. Mimi nimejenga nyumba ya mabati na nikaweka chumba ya wageni, lakini wageni wangu wote wanalala sebuleni kwa sababu wanapenda kuongea. Hiyo chumba imekaa bure. Si tuifanye ya kuchanganya muziki?"

Baba alinikubalia baada ya kumwona mke wa Mwalimu, Kerubo. Kerubo alikuja dukani mwenyewe, akakaa, akanywa chai, akamtazama baba na kumwambia kwamba binti yake atakula kwake na atarudi kabla ya mvua. Nilimpenda siku hiyohiyo.

Tulianza kwa kutoa kitanda. Kisha nikafanya ambalo kila mmoja wenu anapaswa kulifanya kabla ya kununua chochote: nikasimama katikati ya chumba kitupu nikapiga makofi. Nikapiga kwenye kila pembe. Ukuta wa saruji na dari la mbao vilinirudishia kofi langu likiwa na mlio wa bati. Chumba chenye mlio kama huo kitakudanganya. Utasikia sauti tamu, utaipeleka kwa watu, nao watasikia kitu kingine. Chumba cha kuchanganyia kinatakiwa kinyamaze, ili kinachosikika kiwe kazi yako.

Leo mnanunua sifongo. Sisi tulikuwa na magunia. Mwalimu alikuwa na pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, shambani, kama majirani zake wote, na magunia ya pareto yalijaa ghalani. Tukayatundika ukutani juu mpaka chini, nikapiga makofi, chumba kikawa kimya kama blanketi. Tulijipongeza sana. Siku ya pili tukaita kwaya. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, bwana mmoja wa sauti ya nne akapiga chafya. Akafuata jirani yake. Nyie hamjui vumbi la maua ya pareto yaliyokauka likiingia puani. Kabla ya kiitikio kwaya nzima ilikuwa ikipiga chafya, macho yanatiririka, na Mwalimu bado anapunga mkono wa kuongoza kwa sababu hakutaka kukata tamaa mbele ya mgeni. Kerubo alikuwa mlangoni akishikilia mbavu. "Nilingoja mniulize," akasema. "Hakuna mtu aliniuliza."

Magunia yakafuliwa, yakaanikwa, yakashonwa upya na kujazwa majani makavu ya mgomba yaliyoshindiliwa. Hayo yalifaa. Nitawaambia pia kwamba katika miaka yote tuliyofanya kazi pale, sikuwahi kuona kiroboto.

Spika zilitupa shida nyingine. Mnajua obokano? Lile zeze kubwa la Wagusii, la nyuzi nane, linalonguruma kutoka tumboni. Tulipolicheza kwenye tepu, meza ilitetemeka, na meza ikaanza kuimba wimbo wake. Mwalimu aliagiza vipande viwili vizito vya jiwe la sabuni, lile laini la kuchonga vinyago, kutoka Tabaka, tukaweka spika juu yake, na meza ikanyamaza. Bado kulikuwa na mlio mdogo wa nzi. Tulihangaika na nyaya, nikafungua sanduku, nikalehemu upya visivyohitaji kulehemiwa. Mwishowe tukamkuta mwenyewe: picha ya harusi ya Mwalimu na Kerubo, sebuleni, upande wa pili wa ukuta, kioo chake kilikuwa kimelegea. Kwa hiyo kitu kikilia chumbani mwako, usikimbilie kuilaumu mashine. Zunguka nyumba nzima kwanza.

Sanduku la kuchanganyia nilikuwa nimelitengeneza na baba. Lilikuwa la mbao, na vifungo vinne vya kuzungusha. Vitatu vilikuwa vya kazi. Cha nne hakikuunganishwa na kitu chochote, na ndicho kilichonipa amani zaidi. Bendi moja ya Suneka ilikuwa na mpiga gitaa ambaye kila baada ya wimbo alisema, "Madam, gitaa yangu haisikiki, ongeza kidogo." Nilikizungusha kile cha nne taratibu, nikimtazama usoni, naye akatabasamu. "Sasa iko sawa kabisa." Nina hakika mmeshakutana na mtu wa aina hiyo. Kama hamjakutana naye, huenda ni wewe.

Namna ya kufanya kazi ilikuwa hivi. Mashine ya kwanza inacheza muziki uliokwisha kunaswa. Mwimbaji amevaa hedifoni, anausikia, anaimba. Sanduku linachanganya vyote viwili, mashine ya pili inanasa. Mkikosea mnarudi mwanzo, kwa sababu hakuna kinachoweza kutenganishwa tena. Na kazi yote ilifanyika asubuhi. Mvua ya Kisii ina tabia ya kuja baada ya chakula cha mchana, na ikianza kupiga mabati, mtu hasikii hata mawazo yake.

Lakini nataka niwaeleze kwa nini Mwalimu alikitaka chumba kile. Kwaya ilikuwa kisingizio. Baba yake, Mzee Nyamweya, alikuwa mpiga obokano ambaye watu wa Nyacheki walimfuata kwa miguu kumwalika sherehe zao. Alikuwa ameanza kuugua vidole. Kila msimu wa baridi vilizidi kukaza. Na kulikuwa na wimbo mmoja aliokuwa akiuimba na mkewe, Bosibori, wa kujibizana. Mzee anajisifu: shamba langu, ng'ombe wangu, mguu wangu wa kucheza. Bosibori anamkata kabla hajamaliza, anamtaja ng'ombe kwa jina na kusema nani hasa humkamua. Watu walikuwa wakilia kwa kicheko. Bosibori alifariki, na tangu siku ya mazishi mzee hakuugusa wimbo huo. Mwalimu aliogopa kwamba vidole vikifunga kabisa, sauti ya nyumba yao itakuwa imekwisha, na watoto wake hawatajua kwamba babu na nyanya yao waliwahi kuchekeshana. Aliniambia hivyo waziwazi, akiwa amelegeza tai, na macho yake yalikuwa mekundu.

Mzee alikubali. Tukapanga kiti kifupi, tukaweka maikrofoni mahali ambapo nilijua ngurumo itaingia vizuri. Asubuhi ile akaja na obokano begani, kofia kichwani, akavuka ua mpaka kwenye ngazi ya nyumba ya mwanawe. Akasimama hapo. Hakupanda.

"Tata, karibu," Mwalimu akamwambia baba yake. "Kila kitu iko tayari."

"Iko tayari wapi?"

"Kwa ile chumba ya wageni."

Mzee alinigeukia mimi. Kiswahili chake alijifunzia kwenye mashamba ya chai ya Kericho. "Mama, wewe ni mtu wa town, labda hujui. Mimi siwezi kuingia mahali kijana yangu amelaza kitanda."

"Tumeitoa kitanda, tata," Mwalimu akasema. "Imebaki magunia tu."

"Mahali kitanda ilikuwa, kitanda iko."

Wenyewe huita mambo hayo chinsoni, ile heshima na aibu kati ya mzazi na mwanawe aliyeoa. Baba haingii chumba cha kulala katika nyumba ya mwanawe, hamtanii mke wa mwanawe, na kila mmoja anajua mipaka bila kuchorewa. Mwalimu aliyajua tangu utotoni. Kwa hamu yake tu alijiaminisha kwamba chumba kikijaa nyaya kinabadilika kuwa kitu kingine. Sikumcheka. Alisimama pale na tai yake, amefadhaika kabisa, baba yake anageuka kurudi kwake.

Kerubo ndiye aliyeongea, akiwa ndani, nyuma ya pazia. "Kama yeye hawezi kuja kwa hiyo mashine, si hiyo kamba ya mashine iende kwake?"

Ndiyo maana nawaambia nilimpenda. Miaka mingi baadaye nimeona studio zilizojengwa kwa wataalamu, chumba cha mashine kimetengwa na chumba cha wanamuziki, nami kila mara namkumbuka Kerubo nyuma ya pazia. Niliunganisha waya kipande kwa kipande, tukaupitisha dirishani, juu ya vijiti ili ndama asiutafune, mpaka nyumba ya mzee upande wa chini wa boma. Mzee akakaa mlangoni kwake, kwenye kigoda chake, akapiga. Sauti iliyonifikia kwenye hedifoni sikuwa nimewahi kuisikia. Nyumba yake ya udongo na nyasi ilikuwa ikimwitikia kutoka nyuma. Magunia yangu yote yasingeweza kunipa kitu kama kile.

Aliimba upande wake, akaacha nafasi za majibu zikiwa tupu. Kusikiliza zile nafasi kulikuwa kugumu. Nani azijaze? Kerubo peke yake ndiye aliyeyajua maneno. Mama mkwe alikuwa amemfundisha jikoni wakipepeta wimbi. Alikaa chumbani mwetu, akavaa hedifoni, akaimba. Sauti yake ilikuwa safi na kila neno lilikaa mahali pake. Tukabeba spika, tukamwekea mzee uani asikilize.

Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa. "Anaimba vizuri," akasema. "Mbuya mono. Lakini ananingoja. Mimi namaliza, halafu yeye anaanza, kama mtu wa kanisa. Bosibori hakuningoja hata siku moja. Sasa mimi nasikika kama mtu wa kujisifu tu."

Alisema kweli. Bila kukatwa, wimbo ule ulikuwa mzee anayejigamba na mwanamke mpole anayekubali. Mwalimu akaniambia pembeni kwamba basi, tuache, hakuna wa kulaumiwa. Mke wa mwana hawezi kumkata baba mkwe maneno, tena kwa mzaha wa mke kwa mume. Angekuwa anaomba kusemwa na boma zima.

Nilirudi chumbani nikamkuta Kerubo bado amekaa, hedifoni ziko mapajani. Alikuwa amesikia kila kitu kupitia dirishani. Nilidhani analia, kumbe anafikiri.

"Zainabu," akasema, "mimi nikiwa hapa, yeye hanioni?"

"Hakuoni."

"Na mimi simuoni."

"Humuoni."

"Basi siyo mimi namjibu. Ni mama. Mimi nimebeba tu maneno yake. Lakini Mwalimu aende amuulize tata kwanza. Akikataa, nitarudi jikoni na tusiongee hii maneno tena."

Mwalimu alikwenda. Alikaa na baba yake muda mrefu kuliko nilivyopenda, maana mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya milima ya Manga. Aliporudi alisema maneno machache tu. "Tata amesema akatwe."

Safari hii hatukutumia mashine ya kwanza kabisa. Nilitaka wote wawili waimbe kwa wakati mmoja, kila mtu nyumbani kwake. Mimi na Kerubo tulikuwa na hedifoni zetu, nikampelekea mzee za tatu; alizivaa juu ya kofia na kukataa kuitoa kofia. Niliporudi nikafunga dirisha, nikaweka mkono mmoja kwenye kifungo cha mzee na mwingine kwenye cha Kerubo, na Kerubo akageuka akatazama ukuta wa magunia.

Mzee akaanza kujisifia shamba lake. Hajafika katikati ya mstari, Kerubo akamvamia. Nilishtuka mimi mwenyewe. Haikuwa ile sauti safi ya kwanza. Ilikuwa kali, ya mwanamke aliyechoka na aliyefurahi pamoja, na vidole vya mzee viliteleza kidogo kwenye nyuzi, vikajirudi, vikaongeza kasi. Mzee akataja ng'ombe wake. Kerubo akamtaja huyo ng'ombe na mkamuaji wake. Niliacha sauti zao zipandane. Kila nilichofundishwa kuhusu kumpa kila mtu nafasi yake nilikiweka kando, kwa sababu wale watu walikuwa wakigombania nafasi na ndio uliokuwa utamu wenyewe. Mzee alipofika kwenye mguu wake wa kucheza, Kerubo alimjibu kwa neno ambalo siwezi kuwatamkia hapa, na mzee akacheka. Alicheka katikati ya wimbo, obokano ikiendelea. Mwalimu alikuwa mlangoni kwangu amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Hakuna aliyemsikia baba yake akicheka hivyo tangu mazishi.

Matone ya kwanza yaliangukia bati wakati uzi wa mwisho bado unanguruma. Hilo limo kwenye tepu, na watu wengi wameniuliza nilitumia kitu gani kutengeneza mlio ule. Nawaambia ni mvua.

Nikaiacha mashine izunguke kidogo ili ngurumo imalizike yenyewe. Ndipo nikamsikia mzee, kwenye hedifoni, akivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema jambo. Sijui kwa nini, lakini nilijua kwamba halikuwa letu. Nikazima mashine ya tepu. Waya ulikuwa bado wazi, kwa hiyo Kerubo alisikia, nami nilisikia, na hakuna mwingine hadi leo.

Alisema kwa Kigusii, polepole, "Mwanangu, leo nimejibiwa."

Kerubo hakugeuka. Alijibu, "Ee, tata," akavua hedifoni, akaukunja waya wake vizuri na kuniwekea mezani. Kisha akatoka mbio, maana alikuwa ameanika wimbi uani na mvua imekuja. Nilifungua dirisha nikamtazama akikusanya mkeka. Upande wa chini mzee alikuwa amesimama chini ya paa lake, amekumbatia obokano isilowe, amempa mgongo kama desturi inavyotaka, naye Kerubo amempa mgongo vilevile. Niliwapenda wote wawili kiasi kwamba nilisahau kufunga dirisha, na mashine za Mwalimu zikalowa.